Anti, nimealikwa kuongoza misheni kwenye gemu ya malimwengu, na mume wangu kasoma maneno asiyoyaelewa

Shikamoo Anti. Naomba jina langu lisitoke, niite tu Mlinzi wa Mnara, huko mbele utaona kwa nini. Nina miaka 29, naishi Tanga, huu mwaka wa sita nimeolewa na tuna mtoto mmoja wa kike, miaka minne. Mume wangu ni dereva wa lori, anachukua mzigo Dar anapeleka Lubumbashi, kwa hiyo akitoka hapa ni wiki tatu, mwezi, inategemea foleni ya Tunduma na ile ya Kasumbalesa. Naishi na mama mkwe, mama mzuri sina la kumsema. Mchana nipo steshenari, naprinti, natoa kopi, nawachapia watu barua na CV.

Yaani ilianza hivi. Mwaka jana alikuja kijana wa chuo na flashi anataka kuprinti kurasa kumi na tano, maandishi ya Kiingereza matupu, sa mi nikiwa naprinti macho yangu huwa yanasoma yenyewe, nikaona ni hadithi, kuna mtu yuko kwenye mji wenye milango mingi na kila mlango unatokea dunia nyingine. Nikamuuliza hiki kitabu umekitoa wapi, akacheka, akasema sio kitabu dada, hii ni gemu, tunacheza kwa kuandika.

Akanionyesha. Anti, hakuna picha, hakuna kupiga risasi, hakuna kubonyeza bonyeza. Ni maandishi tu. Watu wako nchi mbalimbali huko, kila mmoja ana mhusika wake kamtunga mwenyewe na kila mmoja kaleta dunia yake. Katikati kuna mji mmoja, mi kwa Kiswahili nauita Njiapanda, ndo wanapokutana wote. Pale kuna ubao. Mchezaji akiwa na misheni anabandika tangazo, labda nahitaji watu wanne, tunakwenda kumtafuta tabibu aliyepotelea kwenye dunia isiyo na usiku, wanaotaka wanajiandikisha, halafu mnaandika kwa zamu, wewe unasema mhusika wako kafanya nini, mwenzio anapokea, na mwisho hakuna anayeujua, hata yule aliyebandika tangazo haujui. Maadmini, yaani wasimamizi wa gemu, wanaangalia sheria tu, misheni ni za wachezaji wenyewe.

Nilisoma miezi mitatu bila kuandika neno, nikiogopa Kiingereza changu. Kujiunga unajaza fomu, jina la mhusika, anatoka dunia gani, anaweza nini, hawezi nini, anatamani nini, anaogopa nini, na kipande cha maandishi waone unaandikaje. Nikamtunga Mwanakheri. Anatoka mji uliozama, ambao unaibuka mara mbili tu kwa mwezi maji yakikupwa ya bamvua, hapo watu wanashuka kutoka kwenye majahazi yao wanafanya soko, wanazika, wanaozesha, halafu bahari inarudi. Yeye ni mlinzi wa mnara, kazi yake kuhesabu mawimbi na kupiga ngoma ili watu wapande majahazi kabla maji hayajajaa. Wazo nilichota kwa mama mkwe, anamsimulia mtoto hadithi za mji wa kale kule Tongoni, njia ya Pangani, kwenye magofu ya msikiti na yale makaburi yenye nguzo, anasema bahari imeudai mji wake. Fomu niliiandika siku tisa na kamusi pembeni. Wakanipokea kwa majaribio, wiki sita.

Misheni yangu ya kwanza tulikuwa watano, ilienda wiki tatu. Kuna mmoja wetu alinaswa nyuma ya mlango uliofungwa na maji, wote wakawa wanawaza kuuvunja, mi nikaandika kwamba Mwanakheri amekaa chini, anahesabu, anawaambia ngojeni, haya maji yanarudi. Mwenye ile dunia akaikubali hesabu yangu, na maji yakarudi. Siku ile waliniandikia maneno mazuri hadi nikalia dukani. Anti, tangu nimalize kidato cha nne hakuna mtu aliyewahi kuniambia nina akili ya kitu chochote.

Sasa wananitaka niwe mwanachama kamili, na zaidi ya hapo niongoze misheni yangu mwenyewe ndani ya dunia yangu, watu saba, kama wiki kumi. Jibu wanalitaka mwisho wa mwezi huu. Kikao cha moja kwa moja ni kila Jumamosi saa tatu usiku ya New York, ambayo kwetu ni Jumapili saa kumi alfajiri.

Matatizo ndo haya. La kwanza, usingizi. Juzi nilisinzia dukani, cheti cha mtu orijino nikakisahau kwenye mashine, kesho yake akarudi analia, alikuwa na usaili. La pili, mama mkwe alinisikia alfajiri nasoma kwa sauti ya chini nilichoandika, hakusema kitu, ila jioni yake nikakuta chumba kimefukizwa ubani. La tatu, kuna mchezaji mmoja mkongwe aliniambia mhusika wangu "hajawa Mwafrika vya kutosha", nimpe mifupa shingoni na awe mchawi, watu watampenda zaidi. Nilinyamaza. Liliniuma na bado linaniuma.

La nne ndo kubwa. Mhusika wangu ana urafiki na mhusika mwingine, tumuite Nahodha. Kwenye hadithi wameanza kupendana kidogo kidogo. Mume wangu aliporudi safari iliyopita alishika simu yangu kutafuta namba ya fundi, akakuta maneno ya Nahodha, "nimekungoja ng'ambo ya mlango mpaka taa imeisha mafuta". Akaniuliza huyu nani. Nikamwambia ni gemu. Akasema gemu gani ya watu wazima ina maneno kama haya. Hakupiga kelele, bora angepiga. Kaondoka safari hivyo hivyo, sasa akipiga simu anaongea na mtoto, halafu na mama yake, mimi ananiuliza hela ipo? basi.

Na hili simwambii mtu mwingine. Anayemwandika Nahodha ni mwanaume wa makamo yuko Canada, jina lake la kweli silijui, yeye pia langu halijui. Hajawahi kunikosea adabu. Ila huwa ananiandikia pembeni, nje ya hadithi, umekula nini leo? Na mimi namwambia. Wali na samaki wa nazi. Makande. Na siku ambayo hajauliza naona kuna kitu kimepungua.

Mume wangu hawezi kuelewa mambo haya, shule yake ni ndogo na yeye ni mtu wa barabara. Nikiacha gemu narudi kuwa mtu wa kutoa kopi. Nikiendelea naona naweza kupoteza nyumba. Nifanyeje Anti?

Mlinzi wa Mnara, Tanga

ANTI ANAJIBU

Marahaba mwanangu Mlinzi wa Mnara. Barua yako nimeisoma usiku na asubuhi nikairudia, na kabla sijasema lolote nakushukuru kwa lile ulilosema humwambii mtu mwingine, maana ungeweza kunifichia ukaniuliza habari ya usingizi tu, na mimi ningekujibu habari ya usingizi tu.

Nikikuelewa vizuri, umekuta mahali ambapo unaandika na watu wanakungoja uandike, wamekupa heshima ambayo hukuizoea, na sasa wanakuomba ubebe mzigo mkubwa zaidi wakati ule ule ambao nyumbani kumeingia baridi. Na wewe unauona mlango mmoja tu, upite au urudi. Mi nauona kama milango mitatu iliyosimama karibu karibu, mmoja ni gemu yenyewe, yaani kutunga, wa pili ni lile kundi na ratiba yake, wa tatu ni mtu mmoja anayekuuliza umekula nini. Kwenye barua umeifungasha yote kamba moja. Hebu tuifungue kidogo.

Nianze na gemu, kwa sababu najua wasomaji wengine hapa watashangaa mtu mzima na mtoto anacheza nini. Mambo haya si ya jana. Mwaka 1974 huko Marekani Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons, watu wanakaa mezani, mmoja anasimulia, wengine wanasema wahusika wao wanafanya nini, kete zinaamua mengine. Mwaka 1978 kwenye Chuo Kikuu cha Essex kule Uingereza, mwanafunzi mmoja, Roy Trubshaw, akaanza kuunda gemu ya maandishi watu wengi waingie pamoja kwa kompyuta, mwenzake Richard Bartle akaiendeleza, ikaitwa MUD. Huyo ndo bibi wa hiyo gemu yako. Na sisi wenyewe tumekua na hadithi hadithi, hadithi njoo, utamu kolea, ambapo msimulizi peke yake hatoshi, asipoitikiwa hadithi haiendi. Kwa hiyo mwanangu usijione unafanya kitu cha kitoto au cha aibu. Siku tisa na kamusi pembeni, hiyo ni kazi. Mwanakheri aliyekaa chini akahesabu wakati wenzake wanatafuta cha kuvunjia mlango, hiyo ni akili, na haikuletwa na wale watu wa Njiapanda, ilikuwepo tangu unatoa kopi. Nakwambia hivi kwa sababu umeandika kwamba ukiacha unarudi kuwa mtu wa kutoa kopi, na hapo nataka nikuulize kwa upole, kwani waliokupokea walikupa hicho kipaji au walikuwa wa kwanza kukiona?

Sasa kundi. Misheni ya kompyuta inakungoja, ukizima leo ukawasha mwezi ujao utaikuta palepale. Misheni ya watu haiko hivyo. Iko gemu ya Iceland inaitwa EVE Online, ipo tangu 2003, mambo yake makubwa yanaendeshwa na wachezaji wenyewe, na Januari 2014 walipigana vita moja iliyokwenda kama saa 21, chanzo chake ada ya eneo moja haikulipwa kwa wakati. Mtu mmoja kapitiwa na jambo, maelfu wakaingia vitani. Ya kwako ni ndogo sana mbele ya hiyo lakini utamu wake na hatari yake zinatoka mahali pamoja, kwamba upande wa pili kuna binadamu. Ukiongoza watu saba kwa wiki kumi, mtoto akiumwa wiki ya nne kuna watu sita au saba ambao wahusika wao wamesimama katikati ya bahari wanasubiri ngoma yako. Hilo wala sikukatazi, nataka uliweke mezani ukiwa unahesabu, kama Mwanakheri.

Na ile saa. Saa kumi alfajiri ya Jumapili. Hilo halibaki hivyo mwaka mzima, maana wenzetu wa New York wanabadilisha saa, Novemba wanarudisha nyuma, na kikao chako kitaangukia saa kumi na moja alfajiri mpaka Machi. Saa kumi na moja nyumba yenu ina hali gani? Kama mama mkwe anaamka kuswali basi utakuwa unaongoza misheni huku nyumba imeamka, na hapo siri haipo tena. Nimeuliza tu pia, je, ni lazima kikao kiwe cha moja kwa moja? Makundi mengi ya aina hii yanacheza kwa kuposti kwa zamu, kila mtu ana siku mbili tatu za kujibu, na umesema mwenyewe misheni ya kwanza ilienda kwa zamu na ikawa nzuri. Sioni kwenye barua yako kama umewaambia kwamba saa yao tatu usiku kwako ni alfajiri. Inawezekana hawajui. Wanaokualika uongoze ni watu wanaokuhitaji, na anayehitajiwa anaweza kutaja masharti yake. Lakini ujue pia wanaweza kusema hapana, kikao ni kikao, na hilo nalo litakuwa jibu la kukusaidia kupima.

Habari ya cheti imenigusa. Huyo mwenye usaili hajui Njiapanda wala bamvua. Shirika la Afya Duniani limeliweka tatizo la gemu kwenye orodha yake ya magonjwa, ile ICD-11 iliyoanza kutumika Januari 2022, na wanachoangalia ni mtu kushindwa kujizuia, gemu kutangulia mambo yake mengine yote, na kuendelea hata madhara yakionekana, na kwa kawaida iwe imekwenda kama miezi kumi na mbili. Kwa ulivyoandika mi sikuoni humo, mtoto wako anakula, kazini unakwenda, na madhara unayaona na yanakutia hofu. Ila wewe ndo unayejua ambayo hukuyaandika. Jiulize ukiwa peke yako, siku ukiamua usiku huu sifungui, unaweza?

Yule mkongwe aliyetaka mifupa shingoni, huyo sitaki kumpita haraka haraka. Ulitoa kitu kutoka kwenye mdomo wa mama mkwe wako, magofu unayoyajua kwa miguu yako, yeye akataka umpe ile picha aliyonayo kichwani. Uchungu wako ni wa haki. Watu wa michezo hii wenyewe walishaona kwamba hadithi inaweza kumuumiza mtu wa kweli, ndo maana wana vyombo vyao. Kuna kadi ya X aliyoibuni John Stavropoulos, mtu yeyote akiigusa, au akiandika X, jambo lililopo linaondolewa na hakuna anayedaiwa maelezo. Kuna mistari na mapazia, mistari ni mambo ambayo hayaingii kabisa kwenye hadithi, mapazia ni mambo yanayotokea lakini kamera inageuka pembeni. Na kuna kikao cha sifuri, kabla misheni haijaanza mnakaa mnakubaliana hayo yote. Ukiongoza, kikao cha sifuri ni chako. Unaweza kusema kwenye dunia yangu hakuna wachawi wa mifupa, na mapenzi yakifika mahali fulani pazia linashuka. Ukinyamaza tena, naogopa wiki ya tano utajikuta unaongoza mji ambao si wako. Na ukisema, huenda mkongwe akanuna na wengine wakamfuata. Waulize na maadmini, dunia uliyoileta inabaki ya nani ukiondoka, na nakala zako ziweke kwenye flashi yako mwenyewe, seva, ile kompyuta inayohifadhi gemu, ikifungwa kila kitu kinakwenda nayo.

Haya, Nahodha.

Kuna jambo wachezaji wamelipa jina, wanasema ni kuvuja, yaani anachohisi mhusika kinamvujia mwandishi, au cha mwandishi kinamwingia mhusika. Linawapata hata wazoefu wa miaka mingi na si dhambi wala wazimu, ni dalili kwamba umeandika kwa moyo. Yale maneno ya taa kuisha mafuta, mimi mwenyewe nimeyapenda. Hayo ni ya Nahodha kwa Mwanakheri. Lakini pale kwenye umekula nini leo nilisimama mwanangu. Mwanakheri hali makande. Anayekula makande ni wewe. Pale hakuna mlango, hakuna mnara, ni mwanaume anamuuliza mke wa mtu kuhusu chakula chake na mke wa mtu anangoja kuulizwa. Sisemi kuna ubaya umetendeka, umesema hajakukosea adabu na nakuamini. Nasema tu mume wako aliona maneno yale ya hadithi akaumia, na wewe unajitetea kwa maneno yale ya hadithi, wakati kinachokusumbua usiku ni hiki kingine ambacho yeye hajakiona. Pengine ndo maana neno "ni gemu" lilitoka mdomoni likiwa jepesi. Sijui. Wewe utajua.

Na unapokosa kuulizwa, unamkosa mtu wa Canada au unakosa kuulizwa? Hayo mawili yanafanana sana mpaka ukae nayo.

Umesema mume wako hawezi kuelewa, shule yake ndogo, mtu wa barabara. Hapo naomba unipe ruhusa nibishe kidogo. Mtu anayelala kwenye kichwa cha lori siku kadhaa Kasumbalesa akingoja foleni itembee, unadhani hajui upweke? Unadhani madereva wakiwasha jiko pale pembeni ya barabara hawasimuliani ya kweli na ya kutunga? Mi nahisi huyu mtu hakukosa elimu ya kuelewa, alikosa kuelezwa. Alipewa neno moja, gemu, akaachiwa alijaze mwenyewe safari nzima. Na pia linawezekana lingine, kwamba alielewa vizuri sana, kwamba mke wake anaandikiwa maneno matamu na mtu mwingine, na kumuumiza kukabaki palepale hata akijua ni hadithi. Mtu anaweza kuelewa na bado aumie. Ujiandae kwa yote mawili.

Ukimwambia, kuna namna nyingi na kila moja ina mwiba wake. Ukimwambia kwa simu akiwa njiani, mtandao unakatika katikati ya sentensi mbaya, na ana usukani mkononi. Ukingoja arudi, huu ukimya unaendelea kukomaa. Unaweza kumtumia ujumbe mfupi tu, kwamba kuna jambo nataka kukuonyesha lote ukirudi, halihusu kukuacha, ninaomba unisikilize. Ukimwonyesha uanzie mwanzo, fomu ya Mwanakheri, Tongoni, maji yaliyorudi, mtafsirie kwa Kiswahili, asianzie pale alipoanzia bahati mbaya. Ila kama utamwonyesha yote ukaruka yale ya makande, siku akiyakuta mwenyewe hatakuamini tena hata ya Mwanakheri. Na ukimwonyesha na hayo, huenda akasema funga kila kitu. Mi siwezi kukuambia hiyo hatari ni ndogo. Naweza kukuambia tu kwamba kuna njia ya kumwandikia yule mchezaji mwenzio kwa heshima, kwamba tubaki ndani ya hadithi, mazungumzo ya pembeni naona yananivuta, na namna atakavyolipokea hilo itakufundisha kitu juu yake ambacho miezi yote hii haijakufundisha.

Mama mkwe nimemweka mwisho kwa sababu ndo niliyempenda zaidi kwenye barua yako. Amesikia mkwewe ananong'ona alfajiri kwa lugha asiyoijua, mume hayupo, akafukiza ubani. Hakukusema kwa majirani, hakumpigia mwanawe simu, kwa hayo uliyoniambia. Alifanya kile anachokijua cha kukulinda. Na mji wako wote umeutoa kwake! Hivi anajua kwamba kuna watu nchi za mbali wamelala wakiwaza mji ambao bahari iliudai, na ni wa kwake? Mtu anayesema hadithi njoo kila jioni huenda akaelewa upesi kuliko sisi wote, au huenda akaogopa zaidi, wewe unamjua. Mi ningetamani tu asibaki na ule moshi wa ubani bila neno lolote.

Kuhusu mwisho wa mwezi, naona umebanwa na tarehe ambayo si yako. Unaweza kuwa mwanachama bila kuongoza, ukaingia misheni za wengine, ingawa hapo unaweza kujisikia umerudishwa nyuma. Unaweza kuongoza ndogo, watu watatu, wiki nne, kwa kuposti, uone nyumba inasemaje. Unaweza kuwaambia nipeni miezi mitatu, na ni kweli wanaweza kukusahau, makundi ya intaneti husahau haraka, hilo sitakuficha. Na unaweza kumrudia yule kijana wa kurasa kumi na tano, ukamuuliza kama kuna wengine hapo mjini wanaotaka kucheza kwa Kiswahili, jioni, saa za kwetu. Haitakuwa sawa na Njiapanda, wasomaji watakuwa wachache na pengine hawatajua kuitikia mwanzoni. Lakini neno bamvua hutahitaji kumweleza mtu.

Nimefikiria pia yale mawimbi anayoyahesabu Mwanakheri. Umeniambia anatamani nini kila anayejaza fomu anaulizwa, na anaogopa nini, ila ya kwake hukuniandikia. Uliandika nini kwenye yale mafungu mawili? Niandikie tena ukipata nafasi, mchana, ukiwa umelala vizuri.

Anti